Jinsi ya Kulalamika Mali ya Chama Ikitumika Kumpigia Mgombea Debe

Malalamiko mengi yanayoletwa mbele ya kamati ya uchaguzi ya chama cha wafanyakazi hufia ukurasa wa kwanza. Sisemi ni ya uongo. Mengine nayaamini kabisa, na aliyeyaandika namjua si mtu wa kuzua. Lakini barua inakuja na kurasa tatu za tabia za katibu: gari lake, safari zake, alivyoanza kujiona tangu achaguliwe. Kisha mwishoni, mstari mmoja: "Kila mtu anajua anafanya kampeni kwa pesa zetu." Pesa zipi? Siku gani? Nani aliona? Hakuna. Na kamati haina namna ya kumwita mtu aje ajibu shtaka la "kila mtu anajua".

Mimi ni mzaliwa wa Likoni. Kazi yangu ni kuhudumia wazee katika nyumba ya matunzo hapa Massachusetts, na kwenye tawi letu la chama nimekaa upande ule wa meza ambako barua hizi hufunguliwa. Nawaandikia wenzangu tunaokatwa ada ya chama kwenye mshahara: Wakenya wa Lowell na Worcester, Wakongomani wa viwanda vya nyama, Warundi na Wanyarwanda wa maghala na wa usafi wa hospitali. Wengi wetu tunajua kabisa kitu kikienda kombo, ila hatujui pa kukipeleka, au tunakipeleka muda ukishapita.

Barua ya malalamiko ina kazi moja. Inamwonyesha mtu asiyekujua wewe, wala asiyemjua unayemlalamikia, kwamba kitu fulani kilicholipiwa na chama au na mwajiri kilitumika siku fulani kumsaidia mgombea fulani. Mengine yote ni mzigo.

Kwanza hakikisha sheria inakugusa

Sheria yenyewe ni ya mwaka 1959. Ni sheria ya serikali kuu ya Marekani, inaitwa LMRDA (Labor-Management Reporting and Disclosure Act), na wazee wa vyama huiita Landrum-Griffin kwa majina ya wabunge wawili waliopeleka muswada. Kifungu cha 401(g) ndicho chetu. Kwa maneno yangu kinasema hivi: pesa za chama zinazotokana na ada za wanachama, na pesa za mwajiri, zisitumike kumnadi mtu yeyote kwenye uchaguzi wa viongozi wa chama.

Ukifanya kazi kampuni binafsi, hospitali binafsi, nyumba ya wazee, kiwandani, shirika la ndege au posta, inakugusa. Lakini kama tawi lako lina watumishi wa jimbo, kaunti au jiji peke yao, tuseme walimu wa shule za umma, uchaguzi wa tawi hilo hauko chini ya sheria hii. Hapo utashika katiba ya chama chako na sheria za jimbo. Uliza hili mapema. Nimeona watu wakiandaa faili nene wakaja kuambiwa wamegonga mlango usio wao.

Na aliye Kenya asinakili hatua hizi. Kule ni Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, matokeo hupelekwa kwa Msajili wa Vyama vya Wafanyakazi ndani ya siku 14, na ugomvi ukishindikana huenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Kilichofanana ni namna ya kushika ushahidi, hicho ukichukue.

"Pesa" si noti tu

Watu wakisikia "matumizi mabaya ya pesa za chama" wanafikiria mtu kabeba bahasha. Mambo huwa madogo kuliko hivyo, na ndiyo maana hupita. Karatasi na wino wa ofisi. Mashine ya fotokopi. Simu inayolipiwa na tawi. Gari la tawi na kadi ya petroli. Akaunti ya barua pepe ya ofisi, ukurasa wa Facebook wa tawi, kundi la WhatsApp ambalo karani wa ofisi ndiye analiendesha. Orodha ya anwani za wanachama. Na kubwa kuliko zote, muda: kiongozi anayelipwa mshahara na chama akipita milangoni kuomba kura saa nne asubuhi ya Jumanne, saa hizo zimelipiwa na wewe.

Karatasi rasmi zenye nembo ya chama, kaa nazo mbali. Mgombea anayesema "stempu nilinunua mwenyewe" bado ataulizwa kwa nini barua yake ya kuomba kura inaonekana kama imetoka ofisini.

Njia za mzunguko pia zimo. Mwaka 1996 Ron Carey alimshinda James P. Hoffa kwa tofauti ndogo kwenye uchaguzi wa rais wa Teamsters, chama kikubwa cha madereva wa malori na wafanyakazi wengine, uchaguzi uliokuwa chini ya usimamizi wa mahakama. Baadaye ikabainika mpango: chama kilitoa michango mikubwa kwa makundi ya kisiasa ya nje, na kwa upande wa pili michango ikaingia kwenye kampeni ya Carey. Hakuna aliyechota pesa za ada moja kwa moja na kuzitia mfuko wa kampeni. Zilitoka mlango wa mbele zikarudi kwa dirishani. Agosti 1997 msimamizi wa uchaguzi, Barbara Zack Quindel, aliamuru uchaguzi urudiwe. Novemba mwaka huo huo Kenneth Conboy, aliyewahi kuwa jaji, akamzuia Carey asigombee tena, na 1998 Hoffa akashinda. Carey mwenyewe alishtakiwa kwa kusema uongo chini ya kiapo, na mwaka 2001 akaonekana hana hatia.

Shika pande zote mbili za kisa hicho. Uchaguzi unaweza kufutwa, na aliyetuhumiwa akatoka mahakamani safi, kwa kuwa maswali ni mawili tofauti. Hivyo kwenye barua yako usiandike "mwizi". Andika ulichokiona. Kuiba mali ya chama ni kosa la jinai, linaweza kumfunga mtu mpaka miaka mitano, na wa kulichunguza yupo. Si kazi ya barua ya uchaguzi.

Harambee zetu

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wetu huanguka, na aghalabu ni upande wa wapinzani, wale wanaolia kuonewa.

Mgombea wetu hana ofisi, hana karani, hana gari la tawi. Tunafanya tulilozoea: tunaita harambee. Ukumbi wa kanisa, pilau, chapati, mshereheshaji anataja majina, bahasha zinapita. Mwenye saluni anatoa cheki ya dola 200, cheki ya saluni. Mwenye malori anaahidi gari la kuwapeleka wapiga kura. Kijana mwenye duka la kuchapisha fulana anasema, "Mama, hizo fulana za kampeni niachie mimi, ni bure." Watu wanapiga makofi. Na pale pale, mbele ya simu zinazorekodi kwa ajili ya Facebook, kampeni imepokea pesa za mwajiri mara tatu.

Sheria haisemi mwajiri wako. Inasema mwajiri yeyote, hata asiyekuwa na uhusiano wowote na chama chenu. Mwenye saluni aliyeajiri msusi ni mwajiri. Duka la fulana lenye mfanyakazi ni mwajiri, na kazi ya bure ni mchango sawasawa na pesa. Hata kanisa lina waajiriwa; ukumbi ulipieni kodi ile ile anayolipishwa kila mtu, mchukue risiti. Pesa za tawi jingine la chama, au za chama kingine kabisa, nazo haziruhusiwi.

Kwa hiyo mweka hazina wa kampeni awe na daftari. Kila mtoaji aandikwe jina, kiasi, tarehe na kazi anayofanya. Cheki yenye jina la biashara irudishwe siku hiyo hiyo, na picha ya kuirudisha ihifadhiwe. Mwenye biashara anayesema "hizi ni zangu za mfukoni" mshukuruni, mmwombe aje kula pilau tu. Najua ni aibu kumrudishia mtu mzima bahasha mbele ya watu. Basi mshereheshaji atangaze mapema, kabla ya chakula, kwamba wenye biashara hawatoi.

Ukiandika malalamiko dhidi ya ofisi huku kampeni yako imepokea cheki ya saluni, upande wa pili utakuja nayo.

Yasiyo makosa, hata kama yanakuudhi

Nusu ya yanayoletwa ni haya. Kiongozi aliyekuja kazini kwenu kushughulikia kesi ya mfanyakazi aliyeonewa, akiwa na beji ya kampeni kifuani, akakusalimu na kusema "usinisahau": hilo limekuja ndani ya kazi yake ya kawaida, halina kesi. Kiongozi aliye kwenye likizo yake halali akizunguka kuomba kura: ana haki kama wewe. Tawi kulipia uchapishaji wa karatasi za kura, ilani ya uchaguzi na ukumbi wa kupigia kura: ni lazima lilipie. Ukumbi wa tawi kutumiwa na mgombea mmoja kwa mkutano: inategemea. Kama wagombea wote walitangaziwa mapema kwamba ukumbi upo kwa masharti sawa, na wewe hukuuomba, huna la kulalamika. Kama aliyejua ni mmoja tu, hapo pana jambo.

Jarida la chama ndilo gumu. Kuripoti kwamba rais wa tawi alitia saini mkataba mpya ni habari. Kuweka picha yake kurasa zote toleo la mwezi wa uchaguzi, na mpinzani asitajwe ila kwa kejeli, ni kampeni. Anayepima huangalia maneno, wakati na kiasi.

Kisa cha kukumbuka ni cha chama cha wachimba madini, United Mine Workers. Desemba 1969 W. A. "Tony" Boyle alimshinda Joseph Yablonski. Siku ya mwisho ya mwezi huo Yablonski aliuawa nyumbani kwake pamoja na mkewe na binti yao, na miaka baadaye Boyle alitiwa hatiani kwa mauaji hayo. Lakini uchaguzi wenyewe haukufutwa kwa sababu ya damu ile. Mahakama iliufuta mwaka 1972 kwa ukiukaji wa sheria ya uchaguzi, ikiwemo jarida la chama kugeuzwa chombo cha kumpamba Boyle. Uliporudiwa Desemba 1972 chini ya macho ya Wizara ya Kazi, Arnold Miller alishinda. Toleo la jarida, lenye tarehe juu yake, lilikuwa ushahidi ambao hakuna aliyeweza kuukana. Kwa hiyo majarida ya tawi yanayokuja nyumbani, usiyatupe mwaka wa uchaguzi.

Kushika ushahidi bila kujiingiza matatani

Andika siku hiyo hiyo. Si wikendi, si ukimaliza zamu za usiku. Chukua daftari au jitumie ujumbe mwenyewe: tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo, uliona nini kwa macho yako. Uliyoyasikia kwa mtu yaandike kando na umtaje aliyekwambia. Huyo ndiye shahidi, si wewe.

Kipeperushi kikiletwa, chukua kimoja na ukitunze kizima, usikichoree. Piga picha inayoonyesha kilipokuwa: ubaoni, juu ya meza ya chumba cha mapumziko, ndani ya gari lenye nembo. Picha ya karatasi peke yake haisemi ilitoka wapi. Barua pepe iliyotumwa na ofisi usiipige picha tu. Iache kwenye kikasha chako, maana anwani ya mtumaji na saa vimo ndani yake. Ujumbe wa WhatsApp, piga picha ya skrini inayoonyesha jina la kundi na tarehe, na usiikate kingo.

Usirekodi mazungumzo kwa siri. Hapa Massachusetts kumrekodi mtu bila yeye kujua ni kosa la jinai, na yapo majimbo mengine yenye sheria ya namna hiyo. Nimewahi kuletewa sauti ya simu, mleta anafurahi kama amepata dhahabu. Nilimwambia azungumze na wakili kabla hajaicheza mbele ya mtu mwingine yeyote. Wala usifungue droo ya mtu, kompyuta ya mtu, au kikasha cha mtu. Karatasi iliyoibwa itafanya siku ya kusikilizwa iwe ya kukujadili wewe.

Kuna vilivyo wazi kwa kila mtu. Vyama hupeleka taarifa ya fedha ya mwaka kwa Wizara ya Kazi, kwenye ofisi yake inayoitwa OLMS. Chama chenye mapato ya dola 250,000 au zaidi kwa mwaka hujaza fomu LM-2, na humo unaona mshahara wa kila kiongozi na malipo makubwa, ya dola 5,000 na zaidi, yalikwenda kwa nani. Vidogo hujaza LM-3 au LM-4. Zote unazisoma mtandaoni bure, bila kumwomba katibu. Tatizo ni kwamba taarifa hutoka hadi siku 90 baada ya mwaka wa fedha kuisha, kwa hiyo uchaguzi wa Mei haumo kwenye taarifa ya mwaka uliopita. Hata hivyo inasaidia: ukiona duka fulani la uchapishaji lililipwa na tawi, na vipeperushi vya mgombea vina alama ya duka hilo hilo, una swali la maana la kuuliza. Ukiwa na sababu ya msingi, sheria inakuruhusu pia kuomba kuona vitabu na risiti zilizotumika kujaza taarifa hiyo.

Barua yenyewe

Ukurasa mmoja unatosha, miwili ikizidi. Iandike kwanza kwa Kiswahili kama unavyofikiri, kisha mpe mtu unayemwamini aitafsiri. Hapo kuna mtego wa saa zetu: "saa nne asubuhi" lazima isomeke 10:00 a.m. Nimeshika maelezo ya shahidi yaliyoonyesha ofisi ya tawi ikifanya fotokopi saa kumi za usiku kabla ya alfajiri, kwa sababu mtafsiri aliandika 4:00 a.m. Upande wa pili uliilamba hiyo mpaka mifupa.

Mfano wa mwili wa barua:

"Kwa Kamati ya Uchaguzi. Mimi ni mwanachama hai wa tawi hili, idara ya dobi, zamu ya mchana. Jumanne tarehe 6 Mei, saa nne asubuhi, nilikwenda ofisi ya tawi kuchukua fomu ya bima. Nilimwona karani wa ofisi akichapisha kwa mashine ya fotokopi ya tawi vipeperushi vya manjano vya kumwombea kura katibu wa sasa. Nimeambatisha kimoja. Mwenzangu niliyekwenda naye aliona pia na amesaini maelezo yake, yameambatishwa. Jioni ya siku hiyo vipeperushi vya aina hiyo vilikuwa kwenye meza zote za chumba cha mapumziko, jengo la pili, picha imeambatishwa. Nadai kwamba vifaa vya tawi na muda wa mfanyakazi wa tawi vilitumika kumnadi mgombea, kinyume cha kifungu cha 401(g) na katiba ya chama. Naomba kamati ihifadhi kumbukumbu za mashine hiyo za mwezi wa Mei, imhoji karani, na kama nilivyoeleza ndivyo, iwape wagombea wengine nafasi sawa au ifute matokeo ya nafasi ya katibu."

Hakuna tusi hata moja ndani yake. Kuna jina la kitu, siku, shahidi, na ombi. Ombi la kuhifadhi kumbukumbu watu huwa wanalisahau, na bila hilo mashine hubadilishwa au faili "hupotea".

Kisha, weka kila jambo ulilonalo. Usiweke moja kama akiba ya baadaye. Mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya tawi la 6799 la chama cha wafanyakazi wa chuma. Mwanachama alikuwa amelalamika ndani ya chama kwamba vifaa vya ofisi vilitumika kutengeneza karatasi za kampeni za rais aliyekuwa madarakani. Serikali ilipofika mahakamani ikaongeza jambo jingine, sharti la kuhudhuria mikutano ndipo mtu aruhusiwe kugombea. Mahakama ikasema hilo la pili halisikilizwi, kwa sababu mwanachama hakulitaja alipolalamika ndani ya chama. Usilolitaja mwanzoni, hata Waziri wa Kazi hawezi kukusemea.

Peleka barua kwa mkono na mtu asaini nakala yako, au kwa posta ya rejista. Usiitume kwa WhatsApp ukadhani imefika.

Tarehe

Haya ndiyo yanayoua malalamiko mazuri. Fungua katiba ya chama chako, ile ya taifa na kanuni za tawi, utafute sehemu ya kupinga uchaguzi. Katiba nyingi zinatoa siku chache tu baada ya uchaguzi. Ukiona jambo kabla ya kura kupigwa, lalamika siku hiyo, usingoje matokeo. Kamati ikijua mapema inaweza kulisahihisha, na wewe huwezi kuambiwa ulinyamaza mpaka uliposhindwa.

Serikali haiingilii matumizi ya mali ya chama kabla ya uchaguzi kumalizika. Baada yake, ni lazima kwanza upite njia za ndani za chama. Chama kikitoa uamuzi wa mwisho, una mwezi mmoja wa kalenda kupeleka malalamiko OLMS. Kikikaa miezi mitatu bila uamuzi wa mwisho, unaweza kwenda bila kusubiri, lakini nako una mwezi mmoja tu. Tuseme ulilalamika ndani ya chama tarehe 10 Juni. Kufika 10 Septemba hujajibiwa. Dirisha lako linafungwa 10 Oktoba. Tarehe 11 uko nje, hata uwe na video ya katibu akimimina petroli ya chama kwenye gari la kampeni. Rufaa ya ndani nayo ina ngazi: ukikataliwa na kamati, huenda ukatakiwa kwenda kwa halmashauri ya tawi, kisha makao makuu. Ruka ngazi moja na utarudishwa.

Barua kwa OLMS haihitaji fomu maalumu wala wakili. Iwe kwa maandishi, itaje chama, tarehe ya uchaguzi, mambo yale yale uliyoyalalamikia ndani, na nakala za barua zote na majibu. Hakuna ada.

Halafu watapiga hesabu

Kuthibitisha kosa ni hatua moja. Ya pili ni kama kosa hilo huenda liliathiri matokeo. Tuseme katibu alishinda kwa kura 23, na vipeperushi vya fotokopi ya tawi vilifika kwa wanachama 400. Hapo pana uzito. Angeshinda kwa kura 900, na vipeperushi vilifika jengo moja la watu 60, pengine kosa litakubaliwa na matokeo yabaki. Mahakama Kuu ilisema mwaka 1968, katika kesi ya wafanyakazi wa hoteli wa New York, kwamba kosa likithibitishwa huchukuliwa kuwa huenda limeathiri matokeo mpaka upande wa pili uonyeshe vinginevyo. Hiyo inakusaidia, ila bado kusanya idadi: vilichapishwa vingapi, vilifika zamu zipi, zamu hizo zina wapiga kura wangapi. Karatasi za kura na kumbukumbu zote za uchaguzi lazima zihifadhiwe mwaka mzima, kwa hiyo yeyote asikwambie zimeshachomwa.

OLMS huchunguza, na sheria inampa Waziri siku 60 tangu malalamiko yapokewe kuamua kama ataenda mahakamani. Anayeshtaki ni Waziri, si wewe. Baada ya uchaguzi huna njia ya kuufuta kwa kesi yako mwenyewe. Mara nyingine chama hukubali bila kesi kurudia uchaguzi chini ya usimamizi wa OLMS. Waziri akikataa kushtaki, lazima akueleze sababu kwa maandishi; hilo liliamuliwa mwaka 1975. Wakati huo wote aliyetangazwa mshindi anabaki ofisini na ataendelea kushughulikia kesi zako za kazini. Kaa naye kwa adabu. Akikuadhibu ndani ya chama kwa sababu ulilalamika, sheria hiyo hiyo inakataza, na hilo ni jambo jingine la kuandikwa kwa tarehe.

Ikiamuliwa uchaguzi urudiwe, ilani itatumwa kwa posta kwa kila mwanachama, kwenye anwani ya mwisho inayojulikana, siku zisizopungua 15 kabla ya kura. Watu wetu huhama nyumba kila mkataba wa pango ukiisha, na bahasha nyingi hurudi ofisini. Pita kwenye chumba cha mapumziko na orodha tupu, kila mtu aandike anwani yake mpya, kisha kila mmoja aipeleke mwenyewe ofisi ya tawi kabla ilani haijatumwa.